Kozi ya kubadili kazi ukubwani: tathmini ya wiki 16 nilizolipia mwenyewe

Nina umri wa miaka 47, na 19 kati ya hiyo nimeitumia nikitunza ghala la vipuri. Mwaka jana, baada ya kuona mashine ya kusoma bakodi na programu moja ya kompyuta zikimaliza kwa dakika tano kazi iliyokuwa ikinila asubuhi nzima, nilianza kujiuliza kama nitaufikia umri wa kustaafu nikiwa bado na kazi ya kustaafia. Ndipo nilipojiandikisha katika huduma ya mtandaoni inayojitangaza kuwa inawasaidia watu waliovuka miaka 40 kuhamia kazi nyingine. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu baadhi ya malalamiko yangu ni ya mtu mmoja na upande wa pili haujasikika hapa. Hata hivyo, muundo wake unafanana sana na wa huduma nyingine za aina hii, kiasi kwamba mtu anayefikiria kulipia yoyote kati ya hizo atakitambua ninachokieleza.

Kifurushi nilichonunua kilikuwa na sehemu nne: kipimo cha kujua unafaa kazi gani, vikao vitatu vya ushauri, kozi ya wiki 12 ya uchambuzi wa data, na siku mbili za kukaa na mtu anayeifanya kazi hiyo ofisini kwake. Ada yake ilikaribia mishahara yangu ya miezi miwili. Iliwezekana pia kununua kila sehemu peke yake, jambo lililoandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa ya ukurasa, na mimi nililiona nikiwa nimekwisha kulipa.

Kipimo ndicho nilichokitarajia zaidi, na ndicho kilichoniangusha zaidi. Kina maswali 60 ya kueleza kama ungependa au usingependa kufanya jambo fulani, kisha majibu yako yanakuweka katika makundi sita ya haiba: mtendaji, mchunguzi, msanii, mhudumu wa watu, mshawishi na mpangiliaji. Mgawanyo huo si ugunduzi wa kampuni hii. Ni wa mwanasaikolojia wa Marekani John Holland, aliyeanza kuchapisha nadharia yake ya uchaguzi wa kazi mwaka 1959, na Idara ya Kazi ya Marekani ina kipimo cha maswali 60 chenye makundi hayo hayo, ambacho mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kukifanya bure. Silaumu kuuziwa kitu kinachopatikana bure, maana hata maji huuzwa. Lawama yangu ni kwamba hakuna aliyekaa nami kunieleza majibu. Nilipokea kurasa 11 zenye michoro ya rangi na orodha ya kazi kumi zinazonifaa, na ya tatu katika orodha hiyo ilikuwa mtunza ghala.

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilicheka baadaye kidogo. Lakini tukio hilo linaonyesha udhaifu wa kuvitumia vipimo hivi kwa watu wa umri wetu bila maelezo. Kijana wa miaka 18 akiulizwa kama angependa kupanga vitu kwa utaratibu hujibu kwa kubahatisha, ilhali mimi hujibu kwa mazoea ya miaka 19, na kipimo hakina njia ya kutofautisha kile ninachokipenda na kile nilichokwisha kukizoea.

Vikao vya ushauri vilikuwa vya dakika 45 kila kimoja, na mshauri alikuwa mtu msikivu, mpole, aliyejiandaa. Kikao cha kwanza kilinifaa sana, kwa kuwa alinitaka nihesabu, si kwa kukisia bali kwa kuandika wiki nzima, saa ambazo kweli ningeweza kusoma baada ya kazi na familia. Nilimwambia 15, daftari likasema saba na nusu. Kikao cha pili kilinikera. Alinishauri niandike wasifu mpya usiorudi nyuma zaidi ya miaka kumi, nipunguze maneno kama ghala, leja na kuhesabu mali, na nijitambulishe kama "mtaalamu chipukizi wa data". Kaulimbiu ya huduma nzima ni "anza upya", na mshauri alikuwa akiitekeleza kwa uaminifu. Sikuwa na hoja ya kumpinga siku ile, ila nilijisikia kama mtu anayeambiwa aache mizigo yake stesheni ndipo apande treni.

Hapa niseme jambo la mkataba kabla sijasahau, kwa kuwa ndilo lililonipunguzia imani kuliko yote. Mteja anaruhusiwa kudai pesa zake ndani ya siku 14 tangu alipojiandikisha. Kipimo na ushauri vinachukua wiki mbili kamili. Maana yake ni kwamba somo la kwanza la kozi, yaani kitu chenyewe ulichokinunua, linafunguliwa siku ya 15. Sidhani kama hesabu hiyo iliangukia hapo kwa bahati.

Kozi yenyewe ilifundishwa kwa video fupi za kutazama wakati wowote na vikao viwili vya moja kwa moja kila wiki, jioni, vya saa moja na nusu. Tulianza wanafunzi 24, wengi wakiwa kati ya miaka 38 na 55: muuguzi wa zamani, dereva wa masafa marefu, walimu wanne, mhasibu aliyechoka na uhasibu, na wengine. Tuliomaliza tulikuwa 15. Kwa mizani ya elimu ya mtandaoni hilo si jambo dogo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science kuhusu kozi huria za mtandaoni za vyuo vikuu vya MIT na Harvard vya Marekani ulionyesha kuwa, kati ya wote waliojiandikisha mwaka 2017 hadi 2018, waliomaliza walikuwa takriban asilimia 3. Bila shaka mtu aliyejiandikisha bure hawezi kulinganishwa sawasawa na aliyetoa mishahara miwili. Mwaka 1985 watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walieleza jaribio la tiketi za msimu za maonyesho ya jukwaani, ambapo walionunua kwa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi katika nusu ya kwanza ya msimu kuliko waliopunguziwa bei. Nakiri kwamba katika wiki ya tano, nilipokuwa nikisinzia mbele ya kompyuta saa nne usiku, kilichoniweka kitini kilikuwa pesa yangu na si upendo wa elimu.

Video ni nzuri kwa sauti na picha, na mbaya kwa mpangilio. Kila wiki ina mada yake, na mada ikipita haigusiwi tena: wiki ya kwanza na ya pili Excel, kisha SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kwa wiki tatu, kisha michoro, na kadhalika, kama mabehewa. Kwa mtu wa saa saba na nusu kwa wiki, hiyo ni njia ya uhakika ya kusahau. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejitumia mwenyewe kama mwanafunzi wa majaribio na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea ndani ya siku ya kwanza, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku hushinda kurudia kwa mkupuo. Ni elimu ya zaidi ya miaka 130, na watengenezaji wa kozi hawakuitumia. Aliyetuokoa ni mkufunzi wetu, ambaye kwa hiari yake alikuwa akifungua kila kikao kwa swali moja la mada ya wiki tatu zilizopita. Tulimchukia kwa ajili ya swali hilo hadi tulipoona kwamba tunaanza kulijibu.

Kuhusu SQL, niliingia nikiwa na hofu ya mtu anayeamini kwamba kila kitu cha kompyuta ni cha vijana. Mkufunzi alitutajia kwa kupita tu kwamba lugha hiyo ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974 na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM. Nilipiga hesabu nikaona kwamba ina umri mkubwa kuliko mimi. Sijui kwa nini jambo hilo lilinipa nguvu, lakini lilinipa.

Siku iliyonilipa sehemu kubwa ya ada yangu ilikuja katika wiki ya saba. Tulipewa faili la kubuni la duka la vipuri, lenye mistari elfu nne na ushei ya mizigo iliyoingia na kutoka, tukatakiwa kulisafisha ili lichambuliwe. Kulikuwa na tarehe zilizoandikwa kwa namna tatu, majina ya bidhaa yenye nafasi zisizoonekana mwishoni, na mistari 38 yenye salio hasi: boliti kumi na mbili chini ya sifuri, mikanda ya feni minne chini ya sifuri. Wenzangu, wengi wao wakiwa wepesi kuliko mimi kwa mbali, waliifuta mistari hiyo kwa amri moja na kuendelea, kwa hoja isiyo na kasoro kwamba hakuna rafu inayoweza kubeba boliti pungufu ya sifuri.

Mimi nilipoiangalia mistari ile niliona asubuhi ya Jumatatu. Fundi amekuja mbio, mashine imesimama, na mzigo ulioletwa Ijumaa jioni upo mlangoni lakini haujaingizwa kwenye kompyuta. Unampa boliti zake 12, unaandika hati ya kutolea, na hati ya kupokelea unaiandika baadaye, ukishatulia. Kwa saa chache kompyuta inaonyesha kwamba umetoa kitu ambacho hukuwa nacho. Nilipanga mistari yote kwa namba ya bidhaa, kisha kwa tarehe na saa, na kweli, 31 kati ya ile 38 ilifuatwa ndani ya siku moja na hati ya kupokea mzigo iliyorudisha salio juu ya sifuri. Haikuwa makosa ya kufutwa. Ilikuwa kumbukumbu sahihi ya watu walioandika kwa kuchelewa. Saba iliyobaki haikufuatwa na chochote, na yote ilitokea katika zamu moja ya usiku. Hiyo ndiyo iliyostahili kuulizwa, na wenzangu walikuwa wameitupa pamoja na mingine.

Mkufunzi, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mzee wangu, hebu waeleze wenzako umejuaje." Nilieleza kwa dakika 20 jinsi ghala linavyokwenda. Tangu kikao hicho alibadilisha utaratibu: kila faili lilipokuja, alimtafuta kwanza mtu aliyewahi kufanya kazi inayofanana na data hiyo, akamwachia aseme namba zile zilizaliwaje kabla ya mtu yeyote kugusa amri. Muuguzi alitueleza kwa nini joto la mwili la wagonjwa wengi katika jedwali moja lilikuwa sawasawa kabisa saa 12 asubuhi, na kwa nini hilo si afya njema bali ni zamu iliyolemewa na wagonjwa. Dereva alisoma jedwali la mafuta kana kwamba ni barua aliyoandikiwa yeye.

Wanasaikolojia wana maelezo ya hili. Raymond Cattell, na baadaye mwanafunzi wake John Horn, walitenganisha uwezo wa kung'amua jambo geni papo hapo, ambao huanza kupungua mapema katika utu uzima, na uwezo unaojengwa na maarifa na uzoefu, ambao huendelea kukua kwa miongo mingi. Huduma inayowalenga watu wa miaka 40 na zaidi ingetakiwa kujengwa juu ya uwezo huu wa pili. Hii niliyoilipia imejengwa juu ya kuusahau. Kila kitu kilichonifaa katika kozi kilitoka kwa mkufunzi mmoja aliyeamua kutofuata mwongozo, na mwanafunzi wa msimu ujao hana uhakika wa kumpata.

Badala yake, tangazo lao linatumia habari za madereva wa teksi wa London. Ni kweli kwamba mtafiti wa ubongo Eleanor Maguire na wenzake waligundua kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu, ni kubwa zaidi kwa madereva hao, na kwamba utafiti wa mwaka 2011 uliowafuatilia wanafunzi 79 wa udereva huo ulionyesha mabadiliko kwa 39 waliofuzu. Tangazo linataja hayo ili kusema kwamba ubongo wa mtu mzima unaweza chochote. Halisemi kwamba wanafunzi wale walikariri mitaa ipatayo 25,000 kwa miaka mitatu hadi minne, wala kwamba kwa walioshindwa mabadiliko hayo hayakuonekana. Mtu akiahidiwa ubongo mpya kwa wiki 12 kwa ushahidi wa namna hiyo, ana haki ya kukunja uso.

Siku mbili za kukaa na mchambuzi wa data zilikuja mwishoni, na nadhani hapo ndipo mpangilio wa huduma ulipokosewa kabisa, kwa sababu zilipaswa kuja mwanzoni. Nilikaa kando ya meza ya mwanamke mmoja katika ofisi ya usafirishaji, nikiwa na daftari langu la saa. Siku ya kwanza, kati ya saa nane za kazi, uchambuzi wenyewe, ule wa video zetu, ulichukua saa moja na dakika 50. Muda uliobaki ulikwenda kwenye kuwauliza watu wanataka kujua nini hasa, kusubiri ruhusa ya kufungua faili, kusafisha tarehe zilizoandikwa kwa namna tatu (nilitabasamu), na mikutano miwili ambayo hakuna aliyeihitaji. Nilimuuliza nini humchosha zaidi. Alisema ni kuulizwa swali ambalo mwulizaji mwenyewe halielewi, na kinachompendeza ni siku ile moja katika mwezi anapoligeuza swali hilo likawa la maana.

Nilijifunza pia jambo ambalo hakuna kipimo wala mshauri aliyelifikia. Ghalani natembea. Sijawahi kupima ni kilomita ngapi kwa siku, lakini saa kumi jioni ya siku ya pili mgongo wangu ulikuwa umeshatoa hukumu yake. Naipenda kazi ya kuzihoji namba. Siwezi kukaa nayo kitini saa nane kwa siku kwa miaka 13 iliyobaki. Siku mbili zilinitosha kulijua hilo, na laiti ningelijua katika wiki ya kwanza, ningenunua kozi kwa nia nyingine na pengine bila sehemu ya kipimo.

Kuhusu ahadi ya kazi, maana wengi wataniuliza: ipo, na ina meno machache. Wanarudisha nusu ya ada ikiwa hujapata kazi ndani ya miezi sita, kwa sharti kwamba umeomba nafasi zisizopungua kumi kila wiki, umekubali usaili wowote ulioitiwa, na uko tayari kuhama. Mtu mwenye watoto shuleni na mkataba wa nyumba hawezi kutimiza sharti la tatu, na huyo ndiye mteja wao. Sikuomba hata nafasi moja, kwa hiyo sina dai hapo.

Nilichokifanya ni kumwendea meneja wangu na lile faili la wiki ya saba, nikatumia njia ile ile kwenye kumbukumbu zetu za miezi mitatu. Nilimwonyesha bidhaa tisa ambazo salio lake hushuka chini ya sifuri kila mwisho wa wiki, na sababu yake, ambayo ilikuwa ratiba ya lori moja. Tangu mwezi uliopita siku mbili za wiki yangu ni za ripoti, tatu ni za rafu. Cheo hakijabadilika na mshahara umeongezeka kidogo mno, lakini sasa watu wa ununuzi hunipigia simu kabla ya kuagiza. Wasifu wangu una miaka yote 19, na neno ghala limo mara sita.

Nimewapa nyota tatu kati ya tano. Mkufunzi peke yake ningempa tano, siku mbili za ofisini tano, kikao cha kwanza cha ushauri nne, na kipimo moja kwa ajili ya kumchekesha mke wangu. Anayetaka kujiunga ninamshauri anunue kwanza siku mbili za ofisini peke yake, ahesabu saa kwa daftari kama nilivyofanya, na akiamua kuendelea anunue kozi bila kifurushi, akiuliza mapema atafundishwa na nani. Niliwaandikia nikapendekeza siku 14 za kudai pesa zianze kuhesabiwa siku somo la kwanza linapofunguliwa, na nikaomba nirudishiwe gharama ya kipimo. Jibu lilifika baada ya siku tisa, lilikuwa sentensi moja, na lilinielekeza kwenye kifungu cha mkataba kinachosema siku 14 tangu kujiandikisha.